Damu Mbili Zisizochanganyika: Jinsi ya Kufundisha Asili ya Mishipa ya Damu katika Kondo la Nyuma la Nguruwe

Mwanachuo aendaye mazoezi ya kufundisha sayansi katika madarasa ya juu ya shule ya msingi hapati taabu kubwa na somo la uzazi mpaka afikapo mahali pa kueleza jinsi mtoto alishwavyo tumboni. Hapo aghalabu huandika ubaoni sentensi moja fupi, nayo ni hii: "Damu ya mama hupita katika kitovu na kuingia mwilini mwa mtoto." Sentensi hiyo nimeikuta katika maandalio mengi ya masomo niliyoyakagua. Siwezi kuwalaumu sana wenye kuiandika, kwa kuwa hata mimi niliifundisha kwa miaka miwili kabla sijaja chuoni. Ni sentensi nyepesi, na watoto huikariri upesi. Ila si kweli.

Madhumuni ya makala haya ni kueleza ukweli ulivyo, kwa kufuata jinsi mishipa ya damu inavyozaliwa katika majuma ya kwanza ya mimba ya nguruwe, kisha kuonyesha namna mwalimu wa shule ya msingi awezavyo kuufundisha ukweli huo bila maabara. Nimemchagua nguruwe kwa sababu kondo lake la nyuma limechunguzwa sana na wataalamu, na kwa sababu ndani yake utengano wa damu ya mama na damu ya mtoto huonekana wazi kuliko kwa binadamu. Sababu nyingine yanihusu mwenyewe.

Shule niliyoanzia kazi ilikuwa na banda la nguruwe, mradi mdogo uliosaidia kununua madaftari. Usiku mmoja nguruwe jike alizaa watoto kumi na mmoja, na mlinzi akaja kuniamsha. Kwa kuogopa kwamba mama angewalalia, niliagiza watengwe katika sanduku lenye majani makavu hadi asubuhi. Asubuhi ikawa na shughuli nyingi, na wale watoto hawakurudishwa kwa mama yao mpaka alasiri. Sikuona hatari yoyote. Nilijiambia kwamba wamekwisha kulishwa damu ya mama kwa miezi karibu minne, basi na kinga yake wanayo. Katika majuma matatu wakafa wanane kwa kuhara. Bwana mifugo alipofika aliniuliza kama walinyonya usiku ule, nikamjibu kuwa hawakunyonya. "Mwalimu," akasema, "hawa huzaliwa watupu. Kinga yao yote ilikuwa katika yale maziwa ya kwanza."

Siku chache baadaye, nikiwa darasani na ile sentensi yangu ubaoni, mwanafunzi mmoja ambaye kwao hufugwa nguruwe alisimama akauliza, "Mwalimu, kama damu ya mama ndiyo inayoingia kwa mtoto, kwa nini watoto wa nguruwe hudungwa sindano ya kuongeza damu ilhali mama yao ni mzima?" Sikuwa na jibu. Nilimwambia akae, tukaendelea na somo.

Jibu la swali lake huanza kabla mshipa wowote haujakuwapo. Mimba ya nguruwe huchukua siku 114 hivi. Mayai yaliyorutubishwa huingia katika mji wa mimba siku ya pili au ya tatu. Mji wa mimba wa nguruwe una pembe mbili ndefu, nazo viinitete huelea humo bila kushika mahali, vikisambaa na kupeana nafasi. Siku ya 10 kila kimoja ni kama kitone cha duara kisichozidi sentimita moja. Ndipo hutokea jambo ambalo mtu asiyeliona hulisadiki kwa shida: katika muda wa siku mbili tu kitone kile hurefuka kikawa uzi wa zaidi ya sentimita 10, na ifikapo siku ya 16 uzi huo waweza kukaribia mita moja. Mtoto mwenyewe wakati huo angali doa dogo katikati. Sehemu kubwa ya uzi ni utando wa nje, uitwao korioni, ambao ndio utakaokuwa upande wa mtoto wa kondo la nyuma.

Katika siku hizo hizo kiinitete hutoa homoni ya estrojeni, na hiyo ndiyo habari ya kwanza impatayo mama kwamba ana mimba. Ikiwa viinitete vilivyosalia ni vichache mno, kwa kawaida chini ya vinne, habari haitoshi na nguruwe hurudi kwenye joto kana kwamba hakupandwa. Habari ikitosha, damu ya mama huongezeka katika kuta za mji wa mimba mahali viinitete vilipo.

Baada ya hapo korioni hujibandika kwenye ukuta wa mji wa mimba. Mwalimu na atie mkazo juu ya neno hili, kujibandika. Katika binadamu kiinitete hujichimbia ndani ya ukuta na kuvunja mishipa ya mama. Katika nguruwe hakichimbi kitu. Utando wa mtoto hulala juu ya utando wa mama kama khanga mbili zilizolazwa pamoja, na vinyweleo vidogo visivyoonekana kwa macho hushikana kati yake ili zisiteleze. Mji wa mimba haupati jeraha.

Sasa twende kwenye mishipa. Yafaa mwanachuo aelewe kwamba mishipa ya damu ya mtoto haiingii kutoka kwa mama. Huzaliwa katika mwili wa mtoto mwenyewe, na mahali pa kwanza ni pa ajabu kidogo: ni katika kifuko cha kiini, yaani kile kifuko ambacho katika yai la kuku hubeba kiini cha manjano. Nguruwe hana kiini cha kumlisha mtoto, lakini kifuko bado anacho. Juu ya kifuko hicho seli hujikusanya vikundi vikundi, na vikundi hivyo huitwa visiwa vya damu. Seli za nje za kila kisiwa hujipanga zikawa ukuta wa mshipa, na za ndani huwa chembe za damu. Kisha visiwa huungana, kimoja kwa kingine, hata ukapatikana wavu. Hiyo ni njia ya kwanza ya kuzaliwa kwa mishipa, ambapo mshipa hutokea mahali ambapo hapakuwa na mshipa.

Njia ya pili ni kuchipua. Mshipa uliokwisha kuwapo hutoa chipukizi ubavuni, chipukizi huota kuelekea mahali palipo na upungufu wa oksijeni, hukutana na jingine, nalo tundu hufunguka damu ikapita. Mkulima wa maboga ajua jinsi mche mmoja unavyoweza kulijaza shamba kwa namna hiyo. Sehemu za mwili zenye uhaba wa oksijeni hutoa protini maalumu zinazoziita seli za mishipa zije, na protini hizo zimeonekana kwa wingi katika kondo la nguruwe, upande wa mama na upande wa mtoto.

Katika wiki ya tatu moyo wa kiinitete huanza kupiga, na damu kidogo ikaanza kuzunguka. Damu hiyo ni ya mtoto tangu tone lake la kwanza. Kwanza hutengenezwa katika kifuko cha kiini, baadaye katika ini lake, na mwishowe katika uboho wa mifupa yake.

Kifuko cha kiini hudumu muda mfupi tu, kisha hunywea. Kazi yake hushikwa na kifuko kingine kiitwacho alantoisi, ambacho huchomoza kutoka sehemu ya nyuma ya utumbo wa kiinitete. Kati ya siku ya 18 na siku ya 30 alantoisi hujaa maji kwa kasi, toka mililita chache hadi kama mililita 200, ingawa mtoto mwenyewe ni mdogo kuliko kidole gumba. Zamani ilidhaniwa kwamba maji hayo ni mkojo tu. Kazi yake ni kubwa zaidi, maana kwa kujaa kwake alantoisi hutanuka na kuisukuma korioni ibanane na ukuta wa mji wa mimba, na juu ya ngozi yake hubeba mishipa ya damu. Alantoisi ikishaungana na korioni, korioni ambayo haikuwa na mshipa hata mmoja hupata mishipa kila mahali ilipoguswa. Mishipa mikubwa ya kitovu hufuata njia hiyo hiyo.

Mwanachuo atauliza, je, mahali ambapo alantoisi haifiki? Ncha mbili za mwisho za ule uzi mrefu mara nyingi hazifikiwi, kwa hiyo hazipati mishipa, nazo hufa na kunyauka. Ncha hizo zilizokufa zina faida yake. Huwa kama mpaka kati ya ndugu na ndugu ndani ya pembe moja ya mji wa mimba, mishipa yao isiungane. Katika ng'ombe mambo ni tofauti. Pacha wa ng'ombe mishipa yao huungana aghalabu, damu yao ikachanganyika, na ndama jike aliyelala tumboni na ndugu dume kwa kawaida hutokea tasa. Wafugaji wengi walijua jambo hilo tangu zamani, kabla wataalamu hawajaeleza sababu. Katika nguruwe ni nadra sana, ingawa ndugu waweza kuwa kumi na zaidi.

Upande wa mama nao haukai bure. Chini ya utando wa ndani wa mji wa mimba mishipa huongezeka na kuwa wavu mnene, na kapilari zake husogea karibu zaidi na uso wa utando kadiri siku zinavyopita. Kuelekea mwisho wa mwezi wa kwanza tando zote mbili huanza kujikunja pamoja, mikunjo juu ya mikunjo, hata eneo la kukutania likawa kubwa mara nyingi kuliko lilivyokuwa. Lakini hata mishipa isogee namna gani, kati ya damu na damu pana matabaka sita: ukuta wa kapilari ya mama, tishu unganishi ya mama, utando wa mji wa mimba, kisha korioni, tishu unganishi ya mtoto, na ukuta wa kapilari yake. Mpango wa kuhesabu matabaka haya ulitungwa na mtaalamu Otto Grosser mwaka 1909. Matabaka hukonda mimba inapokua, ila hayatoboki. Mtoto hupokea vitu vilivyovuka kuta hizo. Damu yenyewe hubaki ng'ambo ile.

Jambo hili si la vitabuni tu. Nguruwe jike huweza kutoa mayai 15 hadi 25 kwa mara moja, na karibu yote huweza kurutubishwa, lakini kati ya asilimia 20 na 30 ya viinitete hufa kabla ya siku ya 30. Ni siku zile zile za kurefuka, kujibandika na kupata mishipa. Kiinitete kilichochelewa hupata nafasi ndogo ya ukuta, na nafasi ndogo maana yake ni mishipa michache. Katika miaka ya 1990 watafiti wa Chuo Kikuu cha Iowa State, Marekani, walilinganisha nguruwe wa Kichina aitwaye Meishan, ambaye husifika kwa kuzaa watoto wengi, na nguruwe wa Yorkshire. Waliona kwamba karibu na kuzaa, mtoto wa Yorkshire hulipanua kondo lake apate chakula zaidi, bali wa Meishan huliacha dogo na kuongeza wingi wa mishipa ndani yake. Mwenye kondo dogo lenye mishipa mingi huwaachia ndugu zake nafasi. Nadhani mwanafunzi wa darasa la saba aweza kulifahamu hilo kwa urahisi, hasa akiwa mtoto wa nyumba yenye chumba kimoja.

Sasa turudi kwenye swali la yule mwanafunzi. Vitu vidogo kama oksijeni, sukari na maji huvuka matabaka sita bila matatizo makubwa. Madini ya chuma, ambayo kila damu huyahitaji, hayavuki hivi hivi. Katika nguruwe huletwa na protini itolewayo na tezi za mji wa mimba, iitwayo uteroferini, yenye rangi ya zambarau kwa sababu ya chuma iliyobeba. Juu ya mdomo wa kila tezi korioni hujiinua ikafanya kikombe kidogo, na kikombe hicho huyanyonya majimaji ya tezi. Njia ni nzuri, lakini akiba ipatikanayo ni ndogo. Mtoto wa nguruwe huzaliwa na chuma kama miligramu 50 tu katika mwili mzima. Huhitaji kama miligramu 7 kila siku kwa jinsi anavyokua haraka, na maziwa ya mama humpatia kama miligramu moja. Nguruwe wa porini huongeza kwa kufukua udongo. Wa bandani, penye sakafu ya saruji, hana udongo, basi katika siku tatu za kwanza hudungwa miligramu 200 za chuma. Mama ana damu tele, na mtoto aweza kupungukiwa, kwa kuwa damu hizo ni mbili.

Na kingamwili, zile protini kubwa za kukinga maradhi, hazivuki kabisa. Mtoto wa nguruwe huzaliwa bila kinga ya mama. Huipata katika dang'a, yaani maziwa ya kwanza, tena kwa muda mfupi, maana utumbo wake huweza kuzipokea kingamwili hizo zikiwa nzima kwa siku moja hivi au siku moja na nusu, kisha mlango hufungwa. Kila saa ipitayo hupunguza. Wale watoto wangu wa sandukuni walipoteza sehemu kubwa ya muda huo katika majani makavu.

Hapa mwalimu ajihadhari na kosa la upande wa pili, la kusema kwamba binadamu ni kama nguruwe. Kondo la binadamu huchimba, na damu ya mama huogesha vishikizo vya mtoto moja kwa moja, hivyo matabaka yasaliayo ni ya mtoto tu. Kwa sababu hiyo sehemu ya kingamwili za mama humfikia mtoto wa binadamu kabla hajazaliwa. Hata hivyo damu zenyewe hukaa mbali mbali, isipokuwa uvujaji mdogo uwezao kutokea, hasa wakati wa kuzaa. Ndiyo sababu mama wa kundi O aweza kumzaa mtoto wa kundi A. Ndiyo sababu pia mama mwenye virusi vya UKIMWI, hata asipotumia dawa, mara nyingi zaidi humzaa mtoto asiye navyo, na akitumia dawa ipasavyo hatari hushuka sana. Darasani mwako huenda yuko mtoto ambaye jambo hili lamhusu nyumbani kwao. Ile sentensi ya "damu ya mama huingia mwilini mwa mtoto" itamwambia habari ya kutisha ambayo si ya kweli.

Basi mambo haya yafundishweje? Kwanza, usianze na nguruwe. Anza na yai la kuku. Tafuta mayai yaliyolaliwa siku nne au tano, weka darasa katika giza, funga tochi kwa karatasi nene iliyotobolewa tundu, na uliegemeze yai kwenye tundu hilo. Wanafunzi wataona doa jeusi na mishipa myekundu iliyotawanyika pande zote kama miguu ya buibui. Hiyo ni mishipa ya kifuko cha kiini, ile ile iliyoanza kwa visiwa vya damu. Waulize, "Damu hii imetoka kwa kuku gani?" Wengi watajibu kwamba imetoka kwa mama. Kisha waulize mama yuko wapi na amegusana na yai mahali gani. Nimeona darasa zima likinyamaza hapo, na kunyamaza kwa namna hiyo ni kuzuri. Yai lilikuwa limefungwa kwa ganda, na bado lina damu. Mtoto ameitengeneza mwenyewe. Rudisheni yai kwa kuku baada ya dakika chache, likiwa bado na joto, mlimulike tena siku ya 10, nanyi mtaiona mishipa imeenea chini ya ganda. Hiyo sasa ni alantoisi iliyoungana na korioni, kiungo kile kile ambacho katika nguruwe hulala juu ya ukuta wa mji wa mimba. Kuku hukitumia kuvuta hewa kupitia matundu ya ganda.

Njia ya yai ina asili ya heshima. Florence Sabin, daktari wa Chuo Kikuu cha Johns Hopkins, Marekani, alianza na viinitete vya nguruwe, akaeleza mwaka 1902 jinsi mirija ya limfu inavyochipua kutoka kwenye vena. Baadaye alipotaka kuiona mishipa ya damu ikizaliwa hai, aliliendea yai la kuku, akaketi kwenye hadubini yake akaona visiwa vya damu vikifanyika. Mwaka 1917 alikuwa mwanamke wa kwanza kufikia uprofesa kamili katika chuo hicho. Wasichana wa darasa lako wasikie jina lake.

Zana ya pili ni ya kuonyesha jinsi vitu vinavyovuka ukuta bila ukuta kutoboka. Chukua kifuko cha plastiki nyembamba, kama vile vya kufungashia karanga, ukijaze maji ya wanga wa muhogo uliochemshwa, ukifunge imara, ukisafishe nje, kisha ukitumbukize katika glasi ya maji yenye matone ya ayodini. Katika muda wa kipindi kimoja au viwili wanga ndani ya kifuko hugeuka buluu ikielekea weusi, bali maji ya nje hubaki na rangi ya kahawia. Ayodini imeingia, wanga haikutoka. Waambie kwamba ayodini ni mfano wa oksijeni na sukari, na wanga ni mfano wa kingamwili na chembe za damu. Jaribio hili ulifanye mwenyewe jioni ya kuamkia somo. Mwanachuo mmoja alilifanya mbele ya mkaguzi kwa kifuko chenye tundu, akathibitisha kinyume cha somo lake.

Zana ya tatu ni vipande viwili vya kitambaa, kimoja cha mama na kimoja cha mtoto. Shona nyuzi nyekundu upande wa nyuma wa kimoja, na nyuzi za buluu upande wa nyuma wa kingine, uvilaze pamoja uso kwa uso, kisha uvikunje kama feni. Wanafunzi wapime kwa rula urefu wa kitambaa kilichokunjwa na kilichonyoshwa. Wavute kipande kimoja waone kinavyotoka bila kuuchana wa pili. Mchoro wa ubaoni nao uwe na chaki za rangi mbili zisizogusana. Ukichora mstari mmoja mwekundu toka kwa mama hadi kwa mtoto, maneno yako yote yatakuwa ya bure, maana mtoto huamini mchoro.

Ukipata nafasi, wasimulie pia habari za William na John Hunter, ndugu wawili wa Uskoti waliofanya kazi London katika karne ya 18. Waliingiza nta ya rangi katika mishipa ya mji wa mimba wa wanawake waliokufa wakiwa wajawazito, wakaona kwamba nta ya upande wa mama haikuingia katika mishipa ya mtoto. William alitoa kitabu chake kikubwa cha picha za mji wa mimba mwaka 1774. Kabla ya hapo hata madaktari waliifundisha ile sentensi yetu ya ubaoni.

Kuhusu nguruwe mwenyewe, busara yahitajika. Palipo na wafugaji wengi, kama Mbulu, Mbozi au Mbinga, watoto watakuwa na maswali mengi kuliko mwalimu. Penye Waislamu wengi, na hasa katika miji ya pwani na visiwani, tumia mbuzi, na usimlazimishe mtoto kumchora nguruwe katika daftari lake. Mbuzi hana kondo lililoenea kote. Lake hushikana na mji wa mimba kwa vifundo vingi vya duara, na mfugaji yeyote amekwisha kuviona. Lakini kanuni ni ile ile, na mtoto wa mbuzi, kama ndama, huzaliwa bila kingamwili za mama na huhitaji dang'a mapema.

Shule yenye banda, au iliyo jirani na mfugaji mwema, inaweza kuona kondo lenyewe siku ya kuzaa. Mwalimu peke yake alishike, tena kwa glavu, maana maradhi mengine ya mifugo hupita hapo kwenda kwa mtu. Alitandaze katika karai jeupe lenye maji. Wanafunzi waliosimama kuzunguka wataona mishipa ikigawanyika kutoka kitovuni, mikubwa, midogo, na midogo zaidi, hata isionekane, na juu ya utando wataona vidoa vyeupe vingi. Hivyo ndivyo vile vikombe vya kunyonya majimaji ya tezi. Waangalie pia kwamba nguruwe aliyezaa hakumwaga damu nyingi, kwa kuwa ukuta wake haukuchanwa. Karai liwe tayari mapema, kwa sababu nguruwe hula kondo lake mara litokapo. Na watoto waliozaliwa waachwe wanyonye wakati darasa likitazama karai.